Hema la Watu Watatu

Safari yetu ilipangwa na mtu ambaye hakuwepo. Mke wangu alikuwa nchi ya watu, analea mtoto wa watu, na kila alasiri mtoto huyo alipolala yeye aliingia chumba cha kufulia, akafunga mlango, akanipigia simu kunipa amri. Mimi nimelala chali nyuma ya friji ya mteja, tochi mdomoni, spana mkononi, simu inatetemeka kifuani. Nisipopokea, balaa. Nikipokea, balaa zaidi.

"Umeshapata turubai?"

"Niko kazini, mama."

"Sikukuuliza uko wapi. Nimekuuliza turubai."

Huyo ndiye mke wangu. Mtaani wananiita Baridi kwa sababu ya hizi friji ninazotengeneza, si kwa sababu ya tabia, maana mimi hasira zangu zinakaa karibu kama kiberiti cha mvuta sigara. Lakini kwa mwanamke huyu natulia kama maji mtungini. Sijui alinifanya nini, na sitaki kujua.

Aliondoka binti yetu akiwa bado anatambaa. Sasa ana miaka mitano, anaongea tangu anapofumbua macho mpaka usingizi umkate kauli, ndiyo maana tunamwita Chiriku. Amelelewa na dada yangu mkubwa, aliyefiwa na mume bila kujaliwa mtoto, akahamia kwetu na cherehani yake wiki ile ile mke wangu aliyoondoka. Na Chiriku, kama mtoto yeyote mwenye akili zake, aliangalia ni nani anayemwogesha, nani anayemlisha, nani anayempuliza akijikwaa, akamwita huyo mama. Tulimsahihisha. Huyu ni shangazi, tukamwambia, mama yako ni yule wa kwenye simu. Akakubali bila ubishi. Akaanza kumwita Mama Simu, kama anavyomwita jirani wa kushoto Mama Mkaa na yule wa ng'ambo ya barabara Mama Mapacha. Anayeuza mkaa ni Mama Mkaa, anayekaa kwenye simu ni Mama Simu. Utamjibu nini?

Mwaka huu ndipo mkataba ulipompa mke wangu likizo yake ya kwanza, kiangazi, shule zikiwa zimefungwa. Ungedhani angeruka kwa furaha. Aliruka, ndiyo, kama siku mbili hivi, halafu woga ukamwingia.

"Baba Chiriku," aliniambia, sauti imeshuka, "nikifika pale mtoto akinikimbia akajificha nyuma ya wifi, mimi nitafia hapo hapo mlangoni."

"Hatakukimbia."

"Usinidanganye. Mimi mwenyewe ningekuwa yeye ningekimbia."

Yeye akakohoa, akarudisha ile sauti yake ya amri. "Kwa hiyo nyumbani hatukai. Tunaenda porini, sisi watatu. Tunalala kwenye hema."

Nikajua joto la huko limempanda kichwani.

Lakini alikuwa na hoja yake, na alinieleza taratibu kama mtu anayemweleza mlevi njia ya kwake. Yule mtoto anayemlea, mke wangu alipofika kule, alikuwa hataki hata kumwona. Anamtemea chakula, anamfungia mlango, anamwita mchawi. Basi likizo moja matajiri wake wakaenda kupiga kambi msituni, wakamchukua yeye kubeba mizigo. Mtoto akafukuza kipepeo, mke wangu akamfuata, wakapotea wote wawili. Mvua ikanyesha, radi zikapiga, giza likatanda mchana. Walipopatikana, yule mtoto alikuwa amemganda shingoni kama kupe, na tangu siku hiyo hajabanduka. Hali mpaka alishwe na yeye. Halali mpaka ashikwe na yeye.

"Mtoto akiogopa hachagui," mke wangu alisema. "Anamshika aliye karibu. Sasa mimi ndiye nitakayekuwa karibu. Wifi abaki nyumbani, anisamehe sana. Nataka maji yanayonguruma, nataka vichaka, nataka giza. Aogope, anishike. Akishanishika sitahitaji kitu kingine."

Sikucheka. Mwanamke anapiga mahesabu ya kumtisha mwanawe wa kumzaa ili akumbatiwe. Utacheka nini hapo? Nikamwambia sawa, nitapata turubai.

Tatizo ni kwamba yeye alijifunza likizo kwa matajiri. Yeye ndiye anayewafungia mizigo, kwa hiyo alijua kila kitu kinavyopangwa: kila siku na mfuko wake, ndani ya mfuko nguo ya siku hiyo, biskuti za siku hiyo, dawa ya mbu ya siku hiyo. Nipange kama wao, akasema. Nikamwambia wao wana vitu vya kupanga. Wao wanapanda ndege, halafu gari la kukodi lenye ngazi ya kupandia juu. Sisi tuna basi la asubuhi na miguu tuliyozaliwa nayo.

"Maskini haendi likizo?" akaniuliza.

"Anaenda. Anaenda kwa ndugu zake, anakula, anarudi."

"Basi mwaka huu ataenda porini."

Mahali nilipata kwa kazi yangu. Kuna mzee mmoja mfugaji anaishi karibu na maporomoko ya mto, nusu siku kwa basi kutoka kwetu, na friji yake ya maziwa ilikuwa imekata roho. Nikaenda siku ya mapumziko nikaifufua. Alipoingiza mkono mfukoni nikamwambia, mzee wangu, weka pesa yako, nipe kipande cha majani kando ya mto nipige hema siku chache na familia yangu.

Akanitazama toka juu mpaka chini. "Nyumba unayo?"

"Ninayo."

"Imeanguka?"

"Haijaanguka, mzee."

"Sasa ulale nje kwa nini?"

Ningeanzia wapi? Mzee akanishika bega kwa huruma, akaniambia kama ni ugomvi na mke, ghala lake lina nafasi, niseme tu nisione aibu.

Hema la dukani nililiona mara moja. Muuzaji alinitajia bei, nikamrudishia hema lake taratibu kama mtu anayerudisha mtoto wa watu aliyesinzia. Nikatengeneza langu. Turubai nililipata kwa dereva wa lori, limechoka lakini halijachanika. Vyuma vya friji mbovu nikavichomelea vikawa nguzo. Kutoka kwenye friji ndogo ambayo mwenyewe aliitelekeza karakanani kwangu, nikakata sanduku la kuwekea chakula kisiharibike, nikalitia mikanda ya kubebea mgongoni. Lilikuwa zito kama dhambi. Fundi viatu, jirani yangu wa karakana, mtu asiye na haya, alikuja kusimama mlangoni kila nilipolijaribu.

"Baridi, unahama na friji? Huko porini utachomeka wapi, kwenye mti?"

"Nitachomeka puani kwako," nikamjibu. Alicheka mpaka akakaa chini.

Kulishona turubai alishona dada. Nani mwingine? Sindano zilivunjika moja baada ya nyingine, na yeye anaweka nyingine bila neno. Ila kipimo kilimshangaza.

"Mbona jembamba hivi? Mtageukaje?"

Nikamweleza kama nilivyoagizwa. Likiwa pana, mtoto atalala mbali. Mama mtoto anataka watu watatu wabanane, Chiriku katikati, asipate pa kukimbilia. Dada alisimamisha cherehani. Akalipima lile turubai tena kwa mkono wake, kiganja kwa kiganja, kisha akasema, "Basi nipunguze na hapa kidogo." Akaendelea kushona. Nikaona afadhali nitoke nje.

Jaribio la kwanza tulilifanya uani, alasiri. Chiriku aliingia ndani ya hema akipiga kelele za furaha, akalala, akaimba. Mara paka wa Mama Mapacha akaruka kutoka ukutani, akatua juu ya turubai, pu! Mtoto alitoka mle kama risasi, ananipita mimi baba yake niliyekuwa nimenyoosha mikono, anapiga ukelele wa "Mama! Mama!", moja kwa moja mpaka mapajani kwa dada. Mikono yangu ilibaki hewani. Niliishusha nikajifanya najinyoosha.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Nikawaza: kama paka tu ni hivi, kule maporomoko itakuwaje? Atalia anamtaka dada usiku kucha, kesho yake turudi, likizo imekufa. Nikaamua kumkomaza. Kila jioni nikitoka kazini tulikuwa uani na lile hema. Nilimwagia turubai ndoo za maji, nikamwambia hayo ndiyo maporomoko. Nilipiga sufuria kwa mwiko, nikamwambia hiyo ndiyo radi, ni kelele tu, ziba masikio uhesabu mpaka kumi. Nilimletea chura, akamshika, akampa jina, akalia nilipomrudisha mtaroni. Nilifunika hema kwa blanketi likawa kiza totoro, yeye ndani anasimulia hadithi peke yake. Haukupita muda mrefu, mtoto akawa askari. Mapacha wa jirani walikimbia panya, yeye akabaki kumwangalia panya.

Nikampigia mke wangu mimi mwenyewe, kwa majigambo, kwa gharama yangu. "Mwanao haogopi kitu! Giza, radi, chura, panya, hakuna! Nimemfundisha mwenyewe!"

Nikadhani mtandao umekatika.

"Umemfundisha kutoogopa?"

"Ndiyo!"

"Wewe mwanamume! Umelogwa au umezaliwa hivyo? Nimekueleza mpango mzima, kichwa mpaka mkia, na wewe ukaenda ukaziba tundu lile lile nililotaka kupitia!"

Jamani, hapo ndipo nilipouona. Nilikaa chini pale pale sakafuni. Mtu mzima, fundi, nimechukua siku zote hizo kumwibia mke wangu woga wa mtoto wake.

"Nitamtisha tena," nikasema.

"Utamtisha na nini? Umeshamalizia mpaka vyura!" Halafu nikasikia kitu kama kikohozi, kumbe anacheka. Anacheka ndani ya chumba cha kufulia, mdomo umezibwa na taulo la watu. Na mimi nikacheka. Tulicheka mpaka machozi. "Usijali," akasema mwishoni, "vyura wa huko mtoni watakuwa wakubwa zaidi. Na mimi nitakuwepo. Nitaona la kufanya."

Siku zilivyokaribia, dada naye alianza maandalizi yake, bila kuombwa na mtu. Nilimsikia siku moja kutoka nje ya dirisha. Anashona, Chiriku yuko miguuni anaokota vipande vya nyuzi.

"Kuanzia leo uniite shangazi."

"Sawa, mama."

"Shangazi."

"Shangazi Mama."

"Shangazi tu. Hilo lingine liache."

Chiriku alinyamaza, na yeye kunyamaza ni habari. Kisha akauliza, "Kwani nimekukosea nini?"

Dada aliinuka akaenda kuosha sufuria. Zile sufuria zilikuwa safi, niliziona kwa macho yangu asubuhi ile ile zikimeta kwenye kichanja. Aliziosha zote, akazianika upya. Na mimi ndiye mwanamume wa nyumba hiyo, nimesimama dirishani.

Simu ile ilikuja asubuhi, saa isiyo yake. Nilikuwa nafunga karakana kwa ajili ya safari, kiangazi kabisa, friji za watu zinakufa kama nzi na wateja wananilaani. Mke wangu hakuuliza turubai. Alisema, "Baba Chiriku, kaa chini."

Matajiri wake nao walikuwa na likizo yao kipindi hicho hicho, kwenye ziwa fulani, mahema tena. Walipanga bibi ya mtoto ndiye amwangalie, na mke wangu arudi kwake kama mkataba unavyosema. Wakamwambia mtoto. Mtoto akaacha kula. Walidhani ni utundu, akaacha na kunywa. Wakampeleka hospitali, akawekewa maji ya mshipani, na pale kitandani alikuwa anaita jina moja tu, na hilo jina si la mama yake.

"Bosi, mama yake mtoto, alikuja jikoni," mke wangu alisema. "Akakaa kwenye kigoda changu. Akalia. Akanishika mikono akaniita dada yake. Anasema bila mimi mtoto haendi popote. Likizo yangu anaomba isogezwe."

"Mpaka lini?"

"Mwakani."

"Kataa!"

"Nimekataa."

"Ehe?"

"Akasema ni haki yangu, niende. Ila hataweza kunishikia nafasi, atabidi atafute mtu mwingine mtoto amzoee. Hakusema kwa ubaya, Baba Chiriku. Alikuwa anafuta machozi."

Ningependa awe mtu mbaya. Mtu mbaya unamtukana, moyo unapoa. Huyu analia, anaita watu dada, ana mtoto mgonjwa. Nikamtukana hivyo hivyo. Nikapiga kelele mpaka fundi viatu akaja mlangoni akarudi. "Huyo mtoto ana mama yake! Kwa nini asishikwe na mama yake?"

"Hamtaki mama yake. Ananitaka mimi." Akavuta pumzi. "Kazi yangu nimeifanya vizuri mno."

Tulijua wote wawili, wala hakukuwa na haja ya kusema. Mimi natulisha kwa friji za watu, lakini kodi ya nyumba, shule ya Chiriku, dawa za macho ya dada ambaye bila macho hashoni, vyote vinatoka kwenye kile chumba cha kufulia. Aache kazi aje, tukumbatiane wiki mbili, halafu? Nilitafuta njia kama mtu anayetafuta ufunguo aliokwisha kuupoteza mtoni. Mwisho nikaipiga teke friji ya mteja iliyonishinda wiki nzima. Ikaanza kunguruma vizuri, ikapona. Hata hilo liliniudhi.

"Nendeni nyinyi," mke wangu akasema. "Basi limeshalipiwa. Mchukue wifi, hema lina nafasi ya mtu wa tatu."

Nilipomfikishia dada ujumbe huo, alikataa kabla sijamaliza. "Nikalale mle? Pembeni mwa huyu mtoto, mahali palipokatwa kwa kipimo cha mama yake? Nikilala pale hatoki tena kwangu. Na mwakani mwenzangu akija atakuta nini? Siendi. Usinirudie." Akanigeuzia mgongo.

Chiriku nilimwambia jioni, nimechuchumaa mbele yake, nimejiandaa kwa kilio. "Mama Simu hataweza kuja."

"Sawa," akasema. "Basi mahali pake tuweke sanduku la chakula."

Tukaenda wawili. Mzee mfugaji alitupokea kituoni, akanitazama, akatazama nyuma yangu basi likiondoka. "Na mama mtoto?"

"Hakuja."

Akatikisa kichwa. "Nilijua tu mna ugomvi."

Maporomoko yalikuwa makubwa kuliko nilivyoyakumbuka. Maji yanashuka kwa kishindo mpaka unahisi ardhi inatikisika chini ya nyayo, ukungu unakulowesha ukiwa mbali. Mimi mwenyewe roho iliniruka. Chiriku alisimama pale, mikono kiunoni, akayaangalia mpaka akatosheka, akasema, "Baba, hii ndoo kubwa!" Kisha akaenda kutafuta ndama wa mzee, na siku zote tulizokaa hapo ndama ndio waliokuwa sherehe yake. Alioga mtoni, alipanda mawe, alikula mkate uliolowana akausifu. Mbingu zilipokusanya mawingu alasiri moja na radi ikapasua, nilijikuta nimefungua mikono nusu ndani ya lile hema, namsubiri. Aliziba masikio, akahesabu mpaka kumi, akanigeukia akaniuliza kama bado kuna biskuti.

Nilipaswa kufurahi. Ni mtoto gani wa umri ule angeweza? Nilimpa biskuti, nikageukia ukuta wa turubai nisionekane uso.

Simu ilikuwa haishiki mtandao ila juu ya jabali moja, karibu na malisho. Tulipanda siku moja kabla ya kurudi, maana siku ya kutoka nyumbani mke wangu alikuwa ametuma ujumbe, anaomba sana tumpigie wakati wa mchana. Picha ilikuja inakwamakwama, halafu akatokea. Amevaa koti jipya la bosi, linamfika magotini. Nyuma yake ziwa limetulia, na hema lenye madirisha. Alikuwa anatabasamu kwa meno yote, na nilimjua mke wangu, nikajua amelia kabla ya kupokea.

"Chiriku mwanangu! Nione! Mh, umekuwa mrefu! Mnalala wapi?"

"Kwenye hema."

"Giza halikutishi?"

"Aka."

"Na radi?"

"Radi ni kelele tu, Mama Simu."

"Hata kidogo hukuogopa? Kidogo tu?"

"Hata kidogo," Chiriku akasema kwa fahari. Alidhani anampa zawadi.

Mke wangu aliendelea kutabasamu. Hapo hapo mikono miwili midogo ikatokea nyuma yake, ikamzunguka shingo, na kichwa cha mtoto kikalala begani kwake. Yeye, bila kugeuka, bila hata kujijua nadhani, aliupandisha mkono wake akakipapasa kile kichwa.

"Huyo nani?" Chiriku akauliza.

"Ni mtoto wa hapa ninapofanya kazi."

"Mbona anakubana?"

"Anaogopa maji."

Chiriku akaisogelea simu kabisa, akamwonea huruma. "Mwambie azibe masikio ahesabu. Itapita."

"Nitamwambia." Mke wangu alifuta pua kwa mkono wa lile koti. Kisha sauti ikamtoka ndogo, si ya amri, si ile ninayoijua. "Chiriku. Mama anakupenda sana. Unajua?"

"Najua," Chiriku akamjibu kwa upole, kama anavyofundishwa kuwajibu wakubwa. "Lakini mama hakuja huku. Amebaki nyumbani, anashona. Nikirudi nitamwambia umepiga."

Mke wangu aliniangalia juu ya kichwa cha Chiriku. Nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili na sikukata, wala sikumsahihisha mtu yeyote. Maji yalikuwa yananguruma pale chini. Yule mtoto mwingine akasema jambo sikioni kwake, naye akaitikia kwa kichwa kumwambia ndiyo, anakuja.

"Haya," akamwambia Chiriku. "Mwambie nimemsalimu. Mwambie asante."

Chiriku akaitikia, akaniacha na simu yangu, akateremka jabali mbio kwenda kwa ndama.